Karatasi Asiyosomewa Mama

Kambini, Nchelenge
Tarehe 6 Machi 2023

Eddy, mudogo wangu,

Siye huku kambi ya wakimbizi tunapumua, na Mungu bado anatuhesabu asubuhi na mangaribi. Mama anakusalimia mbele ya wote. Anasema uvae sweta, hata kama nimemwambia kwamba Lubumbashi sasa ni joto. Binti yangu Gloire ameota meno mawili makubwa ya mbele na anaficha kinywa akicheka. Mihogo imekubali mwaka huu. Ziwa lilifunguliwa tarehe moja, baada ya miezi mitatu ya kukatazwa kuvua, na muji muzima unanuka tena chisense, samaki wale wadogo wa kuanika. Ndio maana barua hii inakufikia: Florent, yule muchuuzi wa samaki, ameanza kuvuka tena mpaka upande wa Kongo, na kule anapanda lori mpaka kwako.

Unauliza kwa nini siandiki kwa telefone. Mama hataki. Anasema telefone inaongea na sikio moja tu, kisha inanyamaza, lakini barua anaweza kuniomba niisome tena kesho. Anataka nimusomee zako, nimusomee na zangu. Basi tufanye hivi: karatasi ya kwanza itakuwa ya Mama na majirani. Ya pili itakuwa yetu wawili.

*Karatasi ya pili*

Florent amekuletea vitu viwili. Cha kwanza ni memori ya telefone. Mule kuna kadi zangu zote za Kiebrania, elfu mbili na mia nne. Uliniambia umeanguka egzame ya Kiebrania mara mbili, na mara ya tatu watakufukuza. Programu yenyewe ni ya bure, utaiingiza katika telefone yako. Inakuonyesha neno la Kiebrania peke yake. Unatafuta maana ndani ya kichwa. Unabonyeza, jibu linatokea. Neno ulilokosa linarudi leo hii. Ulilojua linarudi baada ya siku kumi, kisha baada ya mwezi. Usibonyeze kwamba ulijua wakati hukujua. Programu itakuamini.

Kadi za watu wengine zinaeleza kwa Kiingereza ao Kifaransa. Zangu zinaeleza kwa Kiswahili chetu, na kila neno nimelipa mufano wa hapa hapa. Miaka mitatu, Eddy. Pasta Hugues alinifundisha mpaka wiki aliyokufa. Nilikuwa ninamuuliza maneno akiwa kitandani, na alijibu akiwa amefunga macho.

Kitu cha pili ni bahasha iliyofungwa kwa uzi mweusi. Ni dosie yangu: diploma yangu ya ualimu, ile yenyewe, si kopi, barua ya kuomba nafasi, na karatasi makumi mbili za kadi nilizoandika kwa mukono, wapate kuona kazi. Fakilte yenu ya teolojia imetangaza nafasi za masomo kwa wanawake wakimbizi. Mwisho ni tarehe 29 Juni, na umri usipite miaka makumi tatu na tano. Mimi nitaupita mwezi wa kumi na moja. Hakuna mwaka mungine kwangu. Uipeleke wewe mwenyewe, mukono kwa mukono.

Yaya wako,
Noëlla

Lubumbashi
Tarehe 21 Aprili 2023

Mama yangu, na wewe Yaya Noëlla, dada yangu mukubwa uliyenibeba mugongoni,

Nawaandikia nikiwa na afya, nguo safi, na tumbo lililoshiba bukari. Mama, sweta ninavaa. Mumusalimie Gloire na meno yake.

Mama, shangilia: nimepita Kiebrania! Alama kumi na saba juu ya makumi mbili. Hakuna mutu darasani, katika promosyo yetu, aliyenizidi. Profesere alinisimamisha mbele ya wote, wakapiga makofi.

*Karatasi ya pili*

Yaya, kadi zako zimeniokoa. Nilikuwa ninasoma njiani, kwenye foleni ya maji, hata kanisani wakati wa matangazo. Maneno yaliyonikataa miaka miwili yaliingia kwa wiki tano.

Baada ya egzame Profesere aliniita ndani ya biro, chumba chake cha kazi. Aliweka telefone yangu mbele yake akapita kadi moja moja, karibu saa nzima. Akafika neno *hesed*. Wewe unajua namna wanavyolihangaikia: huyu anaandika wema, huyu rehema, huyu uaminifu. Wewe uliandika mufano wa yule mama mwenyeji: "Ba Idah wa Kafutuma alitupokea, na hakutuuliza tutaondoka siku gani." Profesere alitoa miwani. Akauliza: "Hii kazi imefanywa na nani?"

Nyumba ya wanafunzi imepakwa rangi mupya, harufu inaumiza kichwa. Dosie yako iko mahali pazuri. Katibu wa fakilte alisafiri, akirudi tu, nitaipeleka. Uniambie pia, maneno ya huruma na tumbo la mama yanayotoka shina moja uliyapanga namna gani? Na kama una kadi zingine, utume.

Eddy

Kambini, Nchelenge
Tarehe 4 Juni 2023

Eddy, mudogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara sita, na mara nne ilikuwa Mama aliyeniamuru. Alikwenda kwenye bomba la maji akawatangazia wanawake wote "kumi na saba juu ya makumi mbili". Mumoja akamuuliza ni kumi na saba ya nini, akajibu: "Ya Eddy." Siku hizi anakaa zaidi kuliko kutembea, miguu imechoka, ni umri. Anasema nikuandikie kwamba yuko muzima. Nimeandika.

*Karatasi ya pili*

Profesere alikuuliza kazi imefanywa na nani, na pale pale barua yako ikaruka kama chura mpaka kwenye rangi ya nyumba. Ulimujibu nini?

Nimekuwekea kadi mia sita zingine. Kuhusu huruma na tumbo: nilizifunga kadi hizo mbili pamoja, moja ikitokea na ya pili inafuata. Mufano ni wa mama anayesikia mutoto wa jirani akilia na tumbo lake mwenyewe linashituka. Uliza mwanamuke yeyote, atakuambia ni kweli.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, wanawake sita wanabaki pamoja nami kanisani. Jeanine, muke wa muvuvi, hakumaliza hata shule ya musingi, lakini sasa anasoma mustari wa kwanza wa Mwanzo akifuata kwa kidole kutoka kuume kwenda kushoto. Alipomaliza mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni maneno tu, kama yetu." Wazee wa kanisa wananiuliza hiyo itatusaidia nini, na ni nani aliyenipa ruhusa. Nikiwa na karatasi ya fakilte watanyamaza. Sina karatasi, kwa hiyo siku ya Mungu iliyopita walifunga mulango wa kanisa, tukasomea chini ya paa langu.

Zimebaki siku makumi mbili na tano. Katibu hajarudi bado?

Noëlla

Lubumbashi
Tarehe 30 Augusti 2023

Mama mupendwa, Yaya,

Munisamehe, nimekaa kimya muda murefu. Kazi imekuwa nyingi, lakini ni kazi ya baraka. Mama, mwanao amewekwa kuwa asistanti wa Profesere! Tangu mwezi wa kumi nitasimama mbele ya wanafunzi niwafundishe Kiebrania. Nakutumia kitenge cha rangi ya bluu, Florent anacho. Ushone, uvae kanisani.

*Karatasi ya pili*

Yaya, dosie haikupita. Walisema nafasi ni chache, na wa hapa mujini walitangulia. Usivunjike moyo. Mungu ana wakati wake. Tutaongea siku moja.

Eddy

Kambini, Nchelenge
Tarehe 17 Oktoba 2023

Eddy,

Mama anashukuru kwa kitenge. Alikivaa siku ya Mungu, na pasta akamutaja mbele ya kanisa kuwa mama wa mwalimu. Hakuweza kusimama muda murefu, lakini aliinua mukono. Gloire anakusalimia. Mvua haijaanza.

*Karatasi ya pili*

Mistari yako mitano nimeisoma. Nilitafuta ndani yake jina la mutu aliyekataa dosie, ao siku, ao sababu inayoshikika. Hakuna. Nikasema, basi, mudogo wangu ana huzuni, hapendi kuandika mengi.

Mwezi muzima sikufungua programu. Nilipoifungua, kadi elfu moja na mia tisa zilikuwa zinaningojea kwa siku moja. Nikaifunga. Wanawake wangu wamebaki watatu.

Nakuomba kitu kimoja tu: unirudishie diploma yangu. Shule ya hapa inatafuta mwalimu wa darasa la tatu, na wanataka kuona ile yenyewe mbele ya mwezi wa kwanza. Nimewaambia iko njiani.

Na swali langu la mwezi wa sita hukulijibu: Profesere ulimujibu nini?

Noëlla

Kambini, Nchelenge
Tarehe 22 Januari 2024

Eddy,

Mama anakusalimia. Sina neno lingine la karatasi ya kwanza.

*Karatasi ya pili*

Florent alifika mara mbili kutoka kwako, mara mbili mikono mitupu. Shule imeandika mwalimu mungine. Lakini si hilo linalonifanya niandike leo.

Wiki iliyopita kanisa lilipokea mugeni kutoka Lubumbashi, pasta kijana, jina lake Chris. Alikuja kufundisha siku tano. Mutu alimwambia kuna mwanamuke hapa anayesoma Kiebrania, akapita kwangu kunisalimia. Mutu wa heshima, anacheka upesi. Nilimupa kiti, Ba Idah alikuwa amekaa kwenye mukeka. Alikuwa ametembea kutoka Kafutuma kumuletea Mama sombe, majani ya mihogo.

Chris akasema: "Mama Noëlla, nitakupa kitu kitakachokusaidia. Ni kadi za Kiebrania kwa Kiswahili chetu. Fakilte yote inasoma na hizi."

Akafungua telefone. Juu iliandikwa: *Kadi za Kiebrania kwa Kiswahili, kazi ya Asistanti Eddy.* Kisha likatokea neno la kwanza, na la pili, na la tatu. Niliyajua yote mbele hajabonyeza. Nilijua hata mahali nilipokosea nukta.

Akasema: "Hii moja tunaipenda sana," akasoma kwa sauti: "Ba Idah wa Kafutuma alitupokea, na hakutuuliza tutaondoka siku gani." Kisha akaongeza: "Asistanti alituambia kwamba huyu Ba Idah ni mutu wa kubuni tu, wa mufano."

Ba Idah hasikii Kiswahili sana. Alisikia jina lake, akacheka, akaniuliza kwa Kibemba wanasema nini juu yake. Nikamujibu: "Wanakushukuru." Akasema si kitu, akaendelea kuchambua sombe.

Nilimuuliza Chris tena, polepole: "Na zile nafasi za wanawake wakimbizi, zilijaa upesi?"

"Hapana," alisema. "Zilikuwa tano. Wakapatikana wanawake watatu tu. Mbili zilikosa mutu."

Nilimupikia chai, akaombea nyumba, akaenda.

Sasa nakuuliza, na usiniandikie rangi za nyumba: dosie yangu uliipeleka?

Noëlla

Lubumbashi
Tarehe 10 Machi 2024

Mama mupendwa,

Mwanao anapiga magoti mbele yako kwa barua hii. Siku ya Pentekoste, tarehe 19 Mei, watanitawaza kuwa pasta. Najua safari ni ndefu na miguu yako imechoka, sitakuomba uje. Nakuomba baraka yako. Umwambie Yaya aiandike kama unavyoisema, nitaisoma siku hiyo nikiwa nimesimama.

*Karatasi ya pili*

Hapana. Sikuipeleka.

Yaya, Profesere aliponiuliza, nilifungua kinywa kusema "yaya wangu", nikasikia kinywa kinasema "mimi". Sikupanga. Nilikuwa nimetoka kuanguka mara mbili, watu walikuwa wananiita kichwa cha bata, na sasa huyu mukubwa ananitazama namna ile. Nilisema nitarekebisha kesho. Kesho yake alikuwa amekwisha kuwaambia wengine.

Ndani ya bahasha yako kulikuwa karatasi makumi mbili kwa mukono wako. Wangeifungua, labda wangemukuta Ba Idah mara ya pili, na wangejua. Tarehe 29 Juni nilikwenda, nakuapia. Nilisimama mbele ya biro ya katibu na bahasha ndani ya koti, kutoka saa tatu mpaka walipofunga mulango. Katibu mwenyewe alinisalimia akitoka. Aliniuliza kama nina shida. Nikasema nasubiri mutu.

Diploma ningeirudisha pale uliponiomba, lakini niliona haya kuigusa. Sasa nakurudishia bahasha yote. Uzi haujafunguliwa.

Nitamwambia Profesere. Nitaandika mbele ya wote kwamba kazi ni yako. Lakini nakuomba, si mbele ya Pentekoste. Wakijua sasa hawatanitawaza, na wewe unajua namna Mama anavyoingojea siku hiyo. Nipe mpaka pale. Kisha nitafanya yote.

Mama anajua?

Eddy

Kambini, Nchelenge
Tarehe 18 Aprili 2024

Eddy,

Barua hii ina karatasi moja tu. Mama alikufa siku ya pili ya juma, tarehe 9, mbele ya jua kupanda. Tulimuzika kesho yake. Ba Idah na watu wake walichimba kaburi.

Unauliza alikuwa anaumwa tangu lini. Hujauliza bado, lakini utauliza. Tangu mwezi wa sita mwaka uliopita. Miguu ilivimba, kisha tumbo, kisha pumzi ikawa fupi. Kule kituo cha afya cha Kafutuma walimupa dawa, wakasema ni moyo, na moyo umechoka. Mama alinikataza kukuandikia. Alisema: "Mutoto asome." Nilitii, nikaandika kwamba ni umri.

Lakini mwezi wa kwanza alibadilika. Alianza kuuliza, "Eddy atakuja lini?" Kila siku, wakati wa kunywa uji. Barua ile yenye habari za Chris niliiandika nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, na sikuweka ndani yake neno hata moja juu ya ugonjwa. Kama ningeandika, ungekuja. Ungepata wiki saba pamoja naye. Nilijua ninachofanya. Nilitaka na wewe ukose kitu ambacho hakirudi. Sasa umekikosa, na mimi sikupata kitu. Hilo ni kosa langu, sitamupa mutu mungine alibebe.

Barua yako ilifika tarehe 4. Nilimusomea karatasi ya kwanza. Aliomba nimwinue, nikamuegemeza kwangu, nikaisoma mara ya pili. Alilia kwa furaha, kisha akapumzika kidogo, akaniuliza: "Na wewe, Noëlla? Masomo yako?"

Nikasema, "Yameisha, Mama."

"Ulipita?"

Nikasema, "Nilipita."

Akasema, "Nilijua. Ninyi wote wawili." Akashika kidole changu, namna anavyomushika Gloire.

Ulisema unaniomba muda kwa ajili ya Mama. Sasa Mama hayuko, utatafuta sababu nyingine, na utaipata. Umwambie Profesere ao usimwambie. Mwezi wa kumi na moja ulipita, umri wangu ulipita pamoja nao, na hakuna fakilte inayorudisha mwaka. Jeanine amehamia kisiwa cha Kilwa pamoja na mume wake. Wale wawili wengine wameandikwa kurudi Kongo. Bahasha imefika, nimeiweka juu ya kabati bila kuifungua, kwa sababu sijui nitaipeleka wapi. Telefone nilimupa Gloire achezee. Alfajiri ninakwenda Mununga pamoja na wanawake wengine kununua chisense, ninaanika, ninauza. Maneno yanaondoka. Juzi nilitafuta neno la Kiebrania la "dada" njiani, nikatembea mpaka sokoni, halikuja.

Usije kwa ajili ya matanga. Yameisha. Na usimutume tena Florent, nimemwambia asipokee.

Kimebaki kitu kimoja. Mama alitoa baraka yako. Alinifanya niirudie mbele yake mara mbili, ahakikishe nimeishika, na mimi nikipewa kitu cha mutu nikifikishe, ninakifikisha. Alisema hivi:

"Eddy, mwanangu, simama mbele ya watu bila kuogopa. Mimi mama yako sikusoma, lakini najua kwamba kinywa chako hakijapata kunidanganya."

Noëlla